Malalamiko Dhidi ya Gari Arubaini na Tatu Zilizokataa Kunipita

Mudrik Pandu Ubwa,
Karani (wa majaribio),
Ofisi ya Bwana Mansour, Mawakala wa Kutoa Mizigo,
Malindi, Unguja.

Kwa Bi Salhiya,
Mkuu wa Kitengo cha Vibali vya Vyombo vya Kukokotwa,
Mbweni, Unguja.

Bi Mkuu wa Kitengo, mheshimiwa,

Shikamoo. Skuli tulifundishwa kwamba barua ya kiofisi haianzi kwa Shikamoo. Rasimu ya kwanza niliiandika bila yake, na mkono ukakataa kuendelea. Naomba uichukulie kuwa iko nje ya barua.

KUHUSU: Maelezo yangu juu ya msongamano wa Jumatatu katika barabara ya Chwaka, pamoja na malalamiko juu ya adabu za watumiaji wa barabara hiyo

Nimepokea barua yako na nimeisoma mara nne. Inanitaka nieleze kwa maandishi, kabla ya saa tisa na nusu alasiri ya siku ya saba tangu niipokee, kwa nini tela lililokuwa chini ya usimamizi wangu lilifunga barabara kwa muda wa saa tatu kasorobo, likiwa na gari arubaini na tatu nyuma yake na viatu mbele ya mlango wake. Inaendelea kusema kwamba nisipojieleza kwa wakati, jina langu litaandikwa katika orodha ya wasimamizi wasiofaa. Nakala imepelekwa kwa mwajiri wangu, Bwana Mansour.

Bwana Mansour hakunikemea. Aliniita tu, akanionyesha barua yangu ya kuthibitishwa kazini, ambayo imeshachapwa na inangoja sahihi yake, kisha akairejesha kwenye droo na kusema, "Tusubiri Mbweni watasemaje." Nimefanya kazi ya majaribio kwa miezi kumi na moja. Tangu siku hiyo, kila ninaposikia droo ikivutwa pale ofisini, mimi husimama.

Naomba kwanza nieleze chombo chenyewe. Ni nyumba ndogo ya kulalia yenye magurudumu, ambayo kule ilikotoka huitwa karavani. Ina kitanda, jiko, kabati, mapazia ya maua na zulia jipya. Imeagizwa na hoteli moja ya Uroa kwa ajili ya wageni wanaotaka kulala hotelini bila kulala hotelini. Kazi ya ofisi yetu ilikuwa kuitoa bandarini na kuifikisha. Dereva wa gari ya kukokota alikuwa Bwana Ayoub, ambaye yumo katika kazi hii miaka thelathini na sijamwona akiogopa kitu. Mimi nilikaa pembeni yake nikiwa na kibali chako mkononi, kwa sababu kibali chenyewe kinataka awepo mtu wa kusoma masharti. Masharti ni kumi na mawili. Nilikuwa nimeyahifadhi.

Kuna jambo moja sikulitilia maanani tulipokuwa bandarini. Nyumba hii ilitengenezwa kwa nchi ambazo gari hupita upande wa kulia, kwa hivyo mlango wake uko kulia. Sisi tunapita kushoto. Maana yake ni kwamba kila anayetaka kutupita ni lazima apite mbele ya mlango.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kwamba nilipowaomba wanipite, walinishukuru.

Sharti la nne linasema chombo kisiwe na gari zaidi ya tano nyuma yake. Tulipofika Mwera niliona gari ya tano kwenye kioo, na hapo hapo nikamwomba Bwana Ayoub awashe taa ya kushoto, ambayo kila dereva wa Unguja anajua inasema: mbele kweupe, pita. Aliiwasha. Gari ya kwanza ikatuwashia taa kubwa mara mbili, kwa maana ya ahsante, ikabaki pale pale. Nikahesabu tena, zikawa tisa. Nikatoa mkono dirishani na kuupunga kwenda mbele. Nao wakanipungia. Mmoja aliniuliza kwa ishara ya kiganja kama sijambo. Nilimjibu kwa ishara hiyo hiyo kwamba sijambo, maana sikuona njia ya kutomjibu.

"We ukiendelea kupunga hivyo," akasema Bwana Ayoub, "watadhani unakwenda Makka."

Niliuingiza mkono.

2. Kwamba nilipowapisha, nao walinipisha.

Sharti la tano linasema gari zikizidi, chombo kitoke barabarani na kuziacha zipite. Pale Dunga pana uwazi wa kutosha. Tulitoka. Gari zote kumi na sita zikatoka nyuma yetu, moja baada ya moja, zikasimama kwa mstari. Barabara yenyewe ilibaki tupu kabisa. Nilishuka na daftari, nikapita gari hadi gari kuuliza sababu, na majibu nimeyaandika kama yalivyosemwa.

Wa kwanza alikuwa Bwana Mbarouk, fundi seremala, amepakia mbao. Alisema, "Kijana, mlango uko huku. Nipite mlangoni kwa watu mbio mbio, kama niliyeiba?" Nilimwambia ndani hamna mtu. Akayatazama mapazia. "Hamna mtu, na pazia limefungwa?" Nilimweleza kwamba limefungwa ili jua lisipaushe zulia. "Sawa, mwanangu," akasema. "Ndivyo walivyokwambia useme." Akazima injini.

Wa pili alikuwa Bi Nadra, mwalimu wa skuli. "Mimi nilitaka kupita tangu Mwera," alisema, "lakini huyo mbele yangu ndiye fundi wangu, na kabati langu hajalimaliza mwezi wa nne huu. Nikimpita leo, kabati ndo basi tena."

Wengine kumi na watatu walitoa sababu zinazofanana na hizo. Wa mwisho alikuwa kijana anayeendesha gari ya kukodisha wageni, naye alisema, "Mi sijui kitu, kaka. Nimeona watu wazima wamesimama, nkaona kupita peke yangu ntaonekana sina kwetu."

Tulirudi barabarani. Wakarudi.

3. Kwamba nilijibu Hodi.

Hapa nakiri kosa langu mwenyewe, ila naomba lipimwe. Katika msururu ule alikuwemo Bi Mwanakheir wa Marumbi, mtu mzima wa miaka sabini na ushei, amekaa kiti cha mbele katika gari ya mkwewe. Tulipokaribia Jendele alichoka kuangalia mgongo wa nyumba na akamwamuru mkwe apite, lakini pole pole. Gari yao ikaja ubavuni ikaenda sambamba na mlango wetu. Bi Mwanakheir akashusha kioo na kuita, "Hodi wenyewe!"

Nilimsikia nikiwa kiti cha mbele. Nikajibu, "Karibu!"

Sikufikiri. Neno lilitoka. Nimelelewa Kikwajuni katika nyumba ambayo mtu akipiga hodi kwa jirani na jirani hayupo, sisi ndio tunaojibu.

"Simama," Bi Mwanakheir akamwambia mkwewe, "wameshasema karibu."

Mkwe akasimama pale pale alipokuwa, yaani katika njia ya kulia. Bwana Ayoub naye ikambidi asimame, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuiondoa nyumba wakati mgeni anashuka mlangoni. Nilikimbia nyuma. Bi Mwanakheir alinitazama juu mpaka chini, nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia mwenyewe hayupo.

"Na wewe nani?"

"Mimi karani, bibi."

"Basi leo karani ndo mwenyewe. Mmegombana na majirani, mpaka mnahama na nyumba yenyewe?"

"Hapana, bibi. Inakwenda Uroa."

"Uroa watu wazuri. Fungua."

Nilifungua. Huyu ni mtu mwenye umri wa kumzaa mama yangu, na nilikuwa nimesema karibu.

4. Kwamba walivua viatu.

Nilimwambia zulia ni jipya, nikitaraji labda ataghairi. Alivua viatu. Waliokuwa nyuma walipoona mlango umefunguliwa na mtu mzima ameingia, walishuka wote. Hakuna aliyesukuma mwenziwe. Picha iliyoambatanishwa na barua yako ni ya kweli na siipingi. Inaonyesha makubadhi, kandambili na raba zimepangwa kwa safu kutoka mlangoni hadi katikati ya barabara, na kutoka katikati hadi ukingo wa pili. Mlango ungekuwa kushoto, viatu vingekaa majanini na leo nisingekuandikia.

Lori la mchanga lililotoka Chwaka lilifika likasimama. Nilimwendea dereva, Bwana Pandu, si ndugu yangu ingawa tumeungana kwa jina hilo, nikamwomba atusaidie kuvisogeza. Alikataa. "Viatu vya watu, sivijui vya nani," alisema. "Kikikosekana kimoja nitaambiwa mie." Akavua vyake akaingia kuuliza ni vya nani. Hakutoka kwa muda. Kwa hivyo naomba iandikwe kwamba njia ya kulia haikufungwa na tela. Ilifungwa na viatu, vilivyoizuia hata gari ya mkwe kusogea, na viatu havina kibali wala msimamizi.

Ripoti iliyokuja na barua yako inasema ofisa wako alifika saa tano kasorobo na kuchukua hatua. Ni kweli. Hatua ya kwanza ilikuwa kuvua buti. Silisemi hili kwa ubaya. Katika picha ni zile nyeusi, jozi ya pili kutoka kushoto, na zimepangwa vizuri kuliko zote.

5. Kwamba hawakuingia mikono mitupu.

Nyumba ni ndogo, kwa hivyo waliingia kwa zamu, sita sita. Sikuwa na kitu cha kuwapa. Bwana Ayoub alikwenda kwa muuza kahawa wa Jendele na kurudi na birika, vikombe na muuza kahawa mwenyewe. Wageni nao, kwa kuwa nyumba ni mpya, kila mmoja alitoa alichokuwa nacho garini: sukari kilo tatu, mkungu wa ndizi, mkeka, mafenesi mawili na jogoo mmoja. Sharti la saba linakataza uzito kuzidi ule ulioandikwa kwenye kibali. Mafenesi nimeyakadiria kwa kuyainua. Jogoo hakukubali.

Bwana Mbarouk aliona bawaba ya kabati imelegea, akaleta bisibisi yake, akaikaza bila kuombwa, akajaribu mlango mara mbili na kusema, "Kazi ndogo hii." Bi Nadra alikuwa amekaa mbele yake na kikombe cha kahawa. Alikiweka kikombe chini, akahesabu miezi minne kwa vidole.

6. Kwamba Bi Mwanakheir alilala.

Baada ya kahawa alisema mgongo unamvuta, akajinyoosha kitandani, "kidogo tu, wala msinishughulikie." Akapitiwa na usingizi.

Bi Mkuu, sharti la tisa linasema, kwa herufi nzito, kwamba ni marufuku kukokota chombo kikiwa na mtu ndani. Sharti la tano linanitaka nitoke barabarani. Hakuna sharti linalosema mtu mzima aliyelala aamshwe na nani. Niliyapitia yote kumi na mawili nikiwa nimesimama mlangoni, mbele na nyuma ya karatasi.

Nilimwomba mkwewe amwamshe. "Mimi? Mama mkwe?" akasema, na kurudi nyuma hatua mbili. "Mwamshe wewe uliyemkaribisha." Nilimwomba ofisa wako, kwa mamlaka ya Kitengo. Alijibu kwamba suala la usingizi halimo katika kazi zake, akaongeza kahawa. Niliamua kukohoa. Nilikohoa mara tatu, na mara ya tatu nilikohoa kwa nguvu mpaka Bi Nadra akaniuliza kama nimekwenda hospitali.

Gari ya mkwe ilikuwa katika njia ya kulia na nyumba ilikuwa katika njia ya kushoto. Nyuma yetu zilikuwa zimeshafika arubaini na tatu, na mbele, upande wa Chwaka, kulikuwa na lori na wengine ambao sikuwahesabu. Honi zote hizo zilikaa kimya kwa saa moja na dakika ishirini ili bibi mmoja apumzishe mgongo. Watu walifunga milango ya gari kwa kuisukuma taratibu na nyonga. Aliyetaka kupiga chafya alikwenda nayo mbali. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya karavani, katikati ya viatu, nikiifikiria droo ya Bwana Mansour.

Alipoamka alichungulia dirishani, akaona msururu, akaniita. "We karani," alisema, "mbona mmesimama hapa? Mnaziba njia, na watu wana safari zao."

Nilimwomba radhi.

7. Kwamba walitusindikiza.

Baada ya hapo njia ilikuwa wazi na kila mtu alikuwa amevaa. Nilidhani watapita. Lakini walikuwa wameshakunywa kahawa yetu, na mtu hamwachi mwenyeji wake katikati ya barabara. Walitufuata hadi Uroa wote, wakiwemo waliokuwa wakienda Chwaka tu. Bwana Pandu alikuwa akienda mjini na mchanga wake. Aligeuza lori. Meneja wa hoteli alitoka getini, akaangalia gari zilivyojaa hadi kwenye kona, akasema kwa masikitiko kwamba ana vyumba kumi na viwili tu.

Bi Mkuu, nimelitafuta kosa langu katika masharti kumi na mawili, sharti kwa sharti, kwa rula, na sikuliona. Nilichokiona ni kwamba masharti yote yameandikwa kwa ajili ya watu wasio na adabu, na siku ile barabarani walipatikana watu wengine. Kama wangekuwa wakali, wangetupita Mwera kwa honi na matusi, na mimi leo ningekuwa karani aliyethibitishwa. Kila mmoja wao akiulizwa atasema alikuwa akifanya wema. Ukiukusanya wema huo wote na kuupanga nyuma ya tela moja, unapata kosa la jinai lenye jina langu.

Kwa hivyo, kwa unyenyekevu, naomba Kitengo chako kifikirie yafuatayo:

(a) Itolewe amri ya kusimamisha adabu nyuma ya chombo chochote kinachokokotwa, kwa masafa ya mita mia mbili. Baada ya hapo anayetaka aendelee nayo.

(b) Mlango wa nyumba inayotembea utangazwe kisheria kuwa si mlango, na pazia lake kuwa si pazia. Hodi itakayopigwa hapo ihesabiwe kuwa ni kelele za kawaida za barabarani.

(c) Mtu yeyote aliyezidi miaka sitini, awapo barabarani, ahesabiwe kuwa ni rika langu. Sijui tangazo hili litasomwa na nani mbele ya Bi Mwanakheir. Naomba nisiwe mimi.

(d) Leseni za udereva zisitolewe mpaka mwombaji afaulu mtihani wa salamu. Mtahini asimame kando ya njia na kumsalimu mara tatu. Atakayepunguza mwendo arudi baada ya miezi mitatu. Nafahamu kwamba kujibu salamu ni wajibu, kwa hivyo mwombaji aruhusiwe kujibu moyoni, mradi mguu usiguse breki.

(e) Kwa kuwa nimegundua kwamba katika msururu kila mmoja humngoja wa mbele yake, iundwe nafasi ya Mpitaji Rasmi. Huyu atakuwa mtu mmoja, mwenye gari ya serikali, ambaye kazi yake itakuwa kuwa wa kwanza kuwapita wenzake bila haya, ili wengine wasijilaumu kumfuata. Nampendekeza mjomba wangu aitwaye Mmanga. Huanza kula kabla wageni hawajanawa. Akiingia sehemu yenye wazee kumi hukaa kiti cha kumi na moja bila kumpa mkono hata mmoja. Kwenye harusi ya binti yake mwenyewe aliuliza mbele ya wakwe itakwisha saa ngapi. Familia tumemvumilia miaka yote hii bila kujua kwamba serikali ina haja naye. Nilipomweleza juu ya nafasi hii aliondoka nikiwa katikati ya sentensi. Naambatanisha jambo hilo kuwa ndio usaili wake.

Maombi haya yakikubaliwa, msongamano wa Jumatatu hautatokea tena. Nakiri kwamba huenda tukapungukiwa na mambo mengine, lakini mambo hayo hayamo katika kibali.

Mimi mwenyewe siombi sifa wala fidia. Naomba tu uandike chini ya barua hii maneno haya, "Maelezo yamefika kwa wakati na yanatosha," na nakala apate Bwana Mansour. Sentensi moja hiyo, Bi Mkuu, na droo itafunguka. Mama yangu ameshaacha kuniuliza. Sasa anawauliza watu wanaonifahamu.

Nifikishie salamu zangu kwa msaidizi wako, na kwa dada wa dirisha la kupokea fomu ambaye alinipa kalamu na sikuirejesha (imo ndani ya bahasha hii). Ofisa wako pia msalimu sana, mwambie buti nilizisogeza kwenye kivuli. Wazee na watoto nyumbani kwako nawasalimu ingawa sijapata kuwaona. Bwana Ayoub anakusalimu na anasema yeye hana la kuongeza.

Ni mimi mtumishi wako, katika hali ya majaribio,

Mudrik Pandu Ubwa

Viambatanisho: daftari la majibu ya madereva, orodha ya zawadi, kalamu.

Nyongeza, kwa mkono, siku ya saba, saa kumi na dakika tano, nje ya lango la nyumba yako, Chukwani.

Bi Mkuu, barua hii ilikuwa tayari tangu saa nne asubuhi. Niliisoma tena mara mbili kutafuta makosa, nikaondoka Malindi saa nane na nusu kwa vespa ya ofisi, nikiwa na wakati wa kutosha. Pale Mazizini nilijikuta nyuma ya gari yako. Nambari zake nazijua, kwa sababu wiki hii nimekaa mara tatu kwenye benchi lililoelekea maegesho yenu. Ulikuwa ukienda pole pole na mbele yako kulikuwa kweupe. Uliniwashia taa ya kushoto. Niliiona. Uliiwasha tena, kisha ukatoa mkono dirishani na kuupunga kwenda mbele, mara tatu au nne. Nao niliuona. Lakini mimi ni karani wa majaribio, na wewe ni mkubwa wangu, na faili langu liko kwako. Nilikuwashia taa mara mbili, nikabaki.

Tulipofika njia ya kuingilia ofisini kwako, gari yako haikukunja. Niliiona ofisi. Niliona hata dirisha la kupokea fomu, na lilikuwa wazi. Sikuona vyema kukunja mbele ya macho yako kama mtu aliyechoka kukufuata, na kukuacha umalizie safari peke yako. Saa tisa na nusu imenikuta njiani, nikiwa sawa na taa zako za nyuma. Sasa umeingia ndani, lango limefungwa, na naona ni mapema mno kukusumbua, au labda nimechelewa mno.

Kwa hivyo naomba maombi yangu (a) hadi (e) yasomwe kama hayakuandikwa, na nafasi ya Mpitaji Rasmi asipewe mtu. Kuchelewa kwangu naomba kuhesabiwe kuwa ni adabu. Barua naipitisha chini ya lango hivi sasa. Ukiiona leo, tafadhali chungulia nje kidogo. Nyuma yangu kuna gari kumi na moja. Wananiuliza hapa kuna nini, na nimewaomba waende zao, lakini hakuna anayekubali kuondoka kabla yangu.